Bango Lisilo na Sura

Jumanne, 10 Juni

Mpwa wangu,

Kosa wanalolifanya wengi kuhusu ule msimbo wa mraba ni kudhani kwamba asiyeuskani kwa kamera ya simu hajaliona bango. Nimeanza na hilo hata kabla ya kuitikia shikamoo yako (marahaba, mwanangu) kwa sababu barua yako ya jana ina dalili zote za ugonjwa huo. Umeniandikia kurasa mbili za nani kaskani wapi na saa ngapi, na kuhusu bango lenyewe mstari mmoja tu.

Nirudie ulichosema, nione kama nimeelewa. Kiwanda chenu cha magodoro kimetundika mabango sitini, kila moja na msimbo wake, ili mjue lipi linaleta wateja na lipi linapamba ukuta bure. Tangu Jumamosi watu wanaskani, wanafika kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni, wanaangalia, wanaondoka bila kuandika neno. Unauliza kama kosa ni la uchapaji, na unanisihi nijibu kwa gari la kesho. Haraka ya godoro inatoka wapi, mama? Aliyekosa godoro jipya leo atalala kwenye la jana. Haraka haraka haina baraka.

Unajua kwamba mambo haya sikujifunzia kwenye simu. Ile uliyoninunulia iko kabatini. Masikio yangu yaliliwa na mashine, na maandishi ya simu kwangu ni chawa watupu. Nilijifunzia kwenye karatasi, miaka sita ya mwisho kabla ya kustaafu, tulipokuwa tunachapa maboksi ya dawa, na kila boksi lina msimbo wake. Mimi ndiye niliyekuwa nakagua. Kwa hiyo nisikilize.

Msimbo ule si kitu cha ajabu. Ni anwani, imeandikwa kwa jicho la mashine badala ya jicho la mtu. Jicho la mashine lina wivu: linataka ukingo mweupe pande zote nne, bila herufi wala ua kuingilia, kama vile mgeni anavyohitaji kizingiti cha kusimama ndipo apige hodi. Halafu ukubwa. Chukua umbali atakaosimama mtu, gawanya kwa kumi, ndio upana wa msimbo wako. Mtu akiwa hatua tatu kutoka ukutani, msimbo wa ukubwa wa kiganja haumsaidii. Halafu mahali. Ukiubandika kwenye nguzo ya mviringo unajikunja, na karatasi inayong'aa hurudisha jua usoni mwa simu.

Lakini hizo zote ni homa za msimbo. Bango nalo lina homa zake, na hizo ndizo zinazoua. Nitumie nakala moja niitazame.

Msalimie dada yangu. Mwambie mguu ukipoa nitakuja kumwona.

Mjomba wako,
mpiga chapa mstaafu

Jumatano, 11 Juni

Shikamoo mjomba,

Nisamehe. Hakuna godoro. Aliyepotea ni mama.

Leo ni siku ya sita. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukisikia utaanguka, na mimi sina mikono ya kuokota watu wawili. Nikasema nikuulize tu habari za msimbo, nipate ninachokitaka, nimpate mama, ndipo nikueleze yakiwa yameisha. Yamenishinda.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa naye sebuleni. Nilikuwa nimeshika simu natazama hesabu za matangazo ya kazini, lile la magodoro ya watoto, ambalo lilikuwa linakwenda vizuri sana. Alinipitia nyuma ya kiti. Nilisikia kandambili zake nikajua anakwenda jikoni. Nilipoinua kichwa, mlango wa nje ulikuwa wazi, na chai yake mezani bado inafuka moshi. Ina maana hakuwa mbali. Ningetoka mbio wakati ule ule ningemkuta kwenye kona. Badala yake nilikwenda kwanza kumtafuta jikoni, halafu bafuni, halafu chini ya kitanda, kama mtu anayetafuta paka.

Polisi waliandika kwenye daftari lao wakaniuliza kama tuligombana. Nimezunguka hospitali tatu. Nimeingia vyumba vya maiti viwili, mjomba. Mhudumu akivuta droo hamwangalii aliyelala mle, anakuangalia wewe.

Bango nililitengeneza mwenyewe Ijumaa usiku kwa jinsi ninavyojua kazi. Kwetu bango halimalizi maneno. Likimaliza, mtu hana sababu ya kuskani. Kwa hiyo niliandika UMEMWONA? kwa herufi nyekundu, chini yake nikaweka msimbo, basi. Picha yake, umri, nguo alizovaa, kila kitu kiko kwenye ukurasa. Na ukurasa sikuujenga upya. Nilichukua ule wa magodoro kwa sababu ulikuwa tayari, nikabadilisha picha. Mtu anajaza fomu: jina, barua pepe, maelezo. Akishatuma, ndipo namba yangu ya simu inatokea. Nilitaka taarifa zote zije mahali pamoja, isipotee hata moja.

Watu mia nne na kumi na wawili wameufungua. Hakuna hata mmoja aliyejaza.

Kuna kitu kinanitisha. Bango namba thelathini na saba, pale kwenye mafundi cherehani, kuna mtu analiskani kila siku saa mbili asubuhi. Kila siku, tangu Jumamosi, na haandiki. Nadhani ni mtu mbaya, ananichezea. Nawaza labda ndiye aliyemficha. Na upande wa maghala, mabango kumi na moja, hajaskani mtu hata mara moja. Jamaa waliokuwa wananisaidia kutafuta nimewaondoa huko tangu Jumatatu. Kama hakuna watu wa kuskani, hakuna watu wa kumwona.

Umeniambia haraka haraka haina baraka. Mjomba, ana kandambili ya mguu mmoja. Nyingine tuliikuta mtaroni.

Mwanao

Alhamisi, 12 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Kunificha umekosea, lakini ugomvi huo tutaufanya siku mama yako atakapokuwa kwenye kiti chake anatusikiliza na kutusuta wote wawili. Sasa fuata ninachokueleza, na usikasirike kwamba naeleza. Ndiyo njia pekee niliyo nayo ya kutetemeka.

Kanuni yenu ya kazini si mbaya. Ni nzuri kwa godoro. Mnunuzi wa godoro unamtafuta wewe, kwa hiyo unamtekenya, unamfumbia, unamvuta aingie ndani. Lakini anayejua alipo mama yako, huyo ndiye anayekutafuta wewe, na wewe umemtegea kitendawili ukutani. Amebeba mzigo, au amechelewa kazini, au bando limekwisha. Anasoma UMEMWONA? Anajiuliza nani, ukuta haumjibu, anapita zake. Kesho yake anakaa benchi moja na mama yako na hajui.

Bango la mtu aliyepotea lianze na sura. Sura yake kubwa, ya sasa, si ile ya harusi. Chini yake umri, nguo, na kwamba anasahau. Halafu namba ya simu, tarakimu nene kama kidole, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Msimbo usiutoe. Uache chini pembeni, kwa mwenye simu yake na nafasi yake anayetaka kujua zaidi. Bango limalize maneno yote, na msimbo uwe mlango wa pili tu. Na ile fomu ichome moto. Ukurasa ufunguke kwenye sura na namba, basi.

Mashine zikikuchelewesha, usizisubiri. Chukua kalamu ya wino mzito, nenda kwenye yale yaliyoko ukutani, andika namba kwa mkono.

Sasa huyo wa thelathini na saba. Mtu mbaya harudi saa mbili kila siku kama mwenye kufungua duka. Huyo anapiga hodi na mlango haufunguki. Kesho saa mbili kasoro robo usimame pale pale, chini ya bango, umngoje.

Na maghala usiyafute. Sifuri yako inasema kwamba pale hakuna aliyeinua simu yenye kamera. Haisemi kwamba hakuna macho. Walinzi na wapagazi wangapi wana simu ya tochi tu?

Wapi angeweza kwenda, hilo sina la kukusaidia. Watu wa ugonjwa ule wa kusahau hutembea tu. Ningekuja, ila mguu umevimba.

Mjomba wako

Jumamosi, 14 Juni

Shikamoo mjomba,

Nimemwona mtu wa thelathini na saba. Ni fundi cherehani, mwanamke mnene, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na duka lake liko ubavuni mwa ukuta nilikobandika. Alikuja na funguo mkononi, akasimama kwenye bango, akatoa simu. Nikamshika mkono. Nadhani nilimshika vibaya, kwa sababu alinitazama kama mwizi.

Nilipomwambia mimi ni nani, akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye ile fomu?"

Nikasema ndiyo.

"Nimeijaza mpaka kidole kimeota sugu. Inataka barua pepe. Barua pepe mimi nitaitoa wapi, dada, mtu ambaye hata barua ya kawaida sijaandikiwa tangu niolewe?"

Alikuwa anaijaza kila asubuhi kabla ya kufungua, akiweka namba yake ya simu kwenye sehemu ya barua pepe, na ukurasa unamletea mstari mwekundu unamkataa. Alidhani ipo siku utamwonea huruma. Mjomba, mstari ule mwekundu niliupigania mimi mwenyewe kazini, ili watu wasituletee anwani za uongo.

Mama alifika kwake Ijumaa, siku moja baada ya kupotea. Fundi alimpa benchi na chai. Mama akachukua vipande vya kitambaa sakafuni akawa anavikunja, vidogo vidogo, vya kulingana, anavipanga kama anaingiza kitu kwenye boksi. Akasema amechelewa zamu, msimamizi atafunga geti. Akauliza njia ya kiwanda cha kiberiti. Fundi akacheka, akamwambia, "Mama, kiberiti utapata duka lolote." Kwenye saa sita alipata mteja, na alipogeuka benchi lilikuwa tupu. Jumamosi alipolifungua bango lililobandikwa ukutani mwake akaiona sura, akamjua papo hapo. Siku saba zimepita tangu wakati huo. Siku saba alikuwa nazo taarifa zote mkononi na mimi nimemfungia mlango.

Analia huyo mama wa watu kuliko mimi. 

Mabango mapya nimepata arobaini, yana sura na namba kama ulivyosema. Nimeyabandika kule walikoskani sana, maana ndiko kwenye watu. Maghala nitafika yakibaki. Lakini tangu namba itoke, simu haipoi. Jana peke yake ilipigwa zaidi ya mara mia. Mmoja amemwona sokoni, mwingine wakati huo huo amemwona kilomita ishirini kutoka hapo. Mmoja anataka nitume kitu kwanza ndipo aseme. Wengine wanapiga wacheke. Ujumbe siwezi hata kuusoma, unaingia mmoja juu ya mwingine. Napokea zote, maana najua nitakayoiacha ndiyo itakayokuwa ya kweli.

Ninachotaka kukuuliza ni hiki. Mama hajawahi kufanya kazi ya zamu. Amekuwa mama wa nyumbani maisha yake yote, ndivyo tulivyoambiwa. Kiwanda cha kiberiti ni kitu gani? Ni ugonjwa unamtungia, au kuna jambo wewe unalijua?

Mwanao

Jumapili, 15 Juni

Mwanangu,

Kilikuwepo. Kiko upande wa maghala, mwisho kabisa, pale reli ya zamani inapokufa kwenye majani. Jengo refu la matofali, madirisha yake yako juu karibu na paa. Siku hizi wanaweka saruji. Geti lake ni la chuma, linatazama mzani wa kupimia malori. Nenda sasa hivi. Barua hii iliyobaki uisome njiani.

Mwalimu jirani yangu amepanda kilimani, kunakoshika mtandao, mara tatu tangu asubuhi akupigie, na kila mara namba inatumika. Ametuma na ujumbe, lakini kama simu yako iko kama unavyosema, ujumbe wetu umezama pamoja na wa wenye kucheka. Ndiyo maana nimempa dereva barua hii mkononi, nimemwambia asiiache kwa mtu yeyote isipokuwa wewe.

Mama yako alikuwa na miaka kumi na mitano na mimi kumi. Baba alikuwa amekufa mwaka ule. Kiwandani walikuwa wanachukua wasichana kwa sababu ya vidole vyembamba, kazi yao ni kujaza njiti kwenye maboksi na kuyakunja vifuniko. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, geti likifungwa limefungwa, aliyebaki nje amepoteza siku. Alikuwa anakimbia. Namkumbuka anakimbia na mkate mdomoni. Alifanya kazi ile miaka sita, na kwa miaka hiyo sita mimi nilikaa darasani. Ada, daftari, viatu, vyote vilitoka kwenye njiti. Usiku mikono yake ilinuka salfa na nilikuwa namwambia asinishikie vitabu.

Alipoposwa akaniapisha nisiseme. Watu wa baba yako waliambiwa ni msichana wa nyumbani, hajawahi kutoka. Wakati ule binti wa kiwandani alionekana amezoea mno geti na wanaume wa getini. Nikaapa. Na baadaye, baba yako alipokwisha kufariki na hakuna tena wa kumfichia, niliendelea kunyamaza, kwa sababu kimya kile kilikuwa kimenikalia vizuri. Watu walikuwa wanasema, mtazameni huyu, yatima, kajisomesha mwenyewe. Sikuwasahihisha. Nimekuwa msahihishaji wa kazi za watu miaka arobaini, hilo moja nikaliacha lipite.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo gumu. Ulipoandika Jumatano kwamba amepotea, geti lile lilinijia kabla sijafika mwisho wa mstari. Nilimwona amesimama pale. Nikalifukuza. Nikajiambia kiwanda kilifungwa kabla wewe hujazaliwa, hawezi kukikumbuka, ni mawazo ya mzee. Nikakuandikia namna ya kutengeneza bango. Nikakueleza sura iwe kubwa na tarakimu ziwe nene, na nikaandika kwa mkono wangu huu kwamba sina la kukusaidia.

Wewe ulinificha siku sita, kwa kunihurumia. Mimi nimekuficha siku tatu, kwa kujihurumia. Ukitaka kupima makosa, pima hivyo.

Mguu nao ulipona tangu mwezi wa nne. Sikuja kwa sababu mara ya mwisho nilipokuja alimuuliza jirani yenu, mbele yangu, huyu mzee anatafuta nani hapa. Nilirudi nyumbani nikajiambia mguu unauma, na kweli ukauma.

Nenda getini.

Mjomba

Jumanne, 17 Juni

Mjomba,

Barua yako ilinifikia jana saa nne. Nilikuwa barabarani nabandika. Sikuisoma zaidi ya mistari ya mwanzo, iliyobaki nimeisoma usiku hapa hospitali, mara nyingi.

Tumempata. Yu hai. Nakuandikia hilo kwanza upumue.

Alikuwa pale pale. Kwenye geti la chuma, upande wa nje, amekaa juu ya mfuko mtupu wa saruji, ameegemea ukuta. Na juu ya kichwa chake, mjomba, kulikuwa na bango langu. Namba hamsini na mbili. UMEMWONA? na msimbo chini yake, na chini ya msimbo yupo yeye.

Mlinzi wa getini ni mtu mzima, mpole. Ana simu ya tochi, ameifunga kwa mpira kifuniko kisidondoke. Alisema mama alifika Jumamosi ile jioni, mabango yakiwa yameshabandikwa. Kila alfajiri anasimama getini wima kabisa kama askari, anangoja afunguliwe aingie zamu. Lori likiingia anajaribu kulifuata, mlinzi anamrudisha taratibu. Mchana anakaa pale ukutani. Usiku alimlaza kwenye kibanda cha mzani, akamfunika koti lake la mvua. Aligawana naye chakula chake siku tisa. Alimuuliza kila dereva kama anamjua.

Nilimuuliza, bango hili hukuliona?

Akasema, "Nimelitazama siku zote hizo, dada. Nilidhani mnauza kitu."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananieleza tu. 

Mwalimu wako nimeuona ujumbe wake leo asubuhi. Uko kati ya mtu anayeniuzia kiwanja na mtu aliyeandika pole mara kumi.

Sasa hali yenyewe. Vumbi la saruji limemwingia kifuani, na baridi ya kile kibanda, na miguu imepasuka. Wanasema ni nimonia, pande zote mbili. Daktari ni kijana, anaongea polepole kama wewe. Alinitoa nje ya wodi akaniambia tusihesabu wiki, tuhesabu siku, na kwamba dawa zitafanya kazi iwapo atakula. Lakini hataki kula. Mimi hanijui. Ananiita msimamizi. Nikikaa karibu anaficha mikono chini ya shuka na kuniambia atafidia muda aliochelewa, nisimkate.

Chakula kikija anakigawa katikati. Nusu anaisogeza pembeni ya sahani, anaifunika kwa kitambaa, na nusu yake haigusi. Muuguzi akimlisha anafunga mdomo. Jana jioni nilimuuliza hiyo ya pembeni ni ya nani. Akasema ya Kalamu.

Nikamuuliza Kalamu ni nani.

"Mdogo wangu. Yuko shule. Hawezi kusoma na njaa." Halafu akanishika mkono, mara ya kwanza tangu tumpate, akaniuliza, "Msimamizi, Kalamu amekula?"

Sijawahi kusikia akikuita hivyo. Hata wewe hukuliandika jina hilo. Tumemwambia amekula, ameshiba, anamsalimu. Anatutazama kama watu waongo. Muuguzi mmoja alijifanya ndiye Kalamu, akamfukuza. Mama hatakula mpaka amwone Kalamu anakula. Siku ya pili hii, na leo alfajiri hakuweza kukaa mwenyewe, tulimwinua watu wawili.

Najua unaogopa atauliza tena huyu mzee anatafuta nani. Pengine atauliza. Anamtafuta mtoto wa miaka kumi, na wewe una mvi. Mimi sijui kama atakujua, na sitakudanganya kwamba atakujua. Lakini mtu wa pekee duniani anayeweza kukaa kwenye kitanda kile akala ile nusu ya pembeni bila kumdanganya ni wewe.

Usianze kuniandikia kwamba umekosa, wala usinieleze chochote. Nimeshaelewa yote. Yuko wodi ya wanawake, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Dereva aliyekuletea barua hii anageuza saa nane mchana, na nimemwambia kiti cha mbele ni chako.

Mwanao

Barua hii usiijibu. Panda gari leo.